Gugu kwa Mujibu wa Nani?

Gugu si jina la mmea. Katika vitabu vya botania hakuna ukoo wala jenasi iitwayo magugu. Kuna mimea tu, na kuna mtu mwenye jembe au mwenye mhuri anayeamua kwamba mmea fulani haukupaswa kuwapo pale ulipo. Nimelitafakari neno hili kwa mwaka mmoja na ushei, tangu nilipoanza kuotesha kwa makusudi, katika uwanja wangu huku pembezoni mwa Kinondoni, mmea ambao majirani zangu karibu wote huung'oa. Ndugu msomaji aliyezoea kukuta hapa hoja za katiba, bajeti na maadili ya utumishi wa umma anivumilie. Sijahama mada.

Mmea wenyewe baadhi ya watu huuita mpamba mwitu, nao wanabotania huuweka katika jenasi ya Calotropis. Ni kichaka kinachoweza kumpita mtu mzima kwa kimo, chenye majani mapana ya kijani kilichofifia, kana kwamba yamenyunyiziwa unga, na maua ya zambarau na nyeupe. Tunda lake limevimba kama kibofu. Likikauka na kupasuka hutoa mbegu nyingi, kila moja ikiwa na kishungi cha nyuzi laini kinachoibeba hewani. Ukilivunja jani, hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Mmea huu hauna haja ya mbolea wala ya bwana shamba. Penye mchanga na jua kali, katika kiwanja ambacho mwenyewe alikinunua akakitelekeza akisubiri bei ipande, ndipo unapostawi.

Juu ya mmea huo huja kipepeo aitwaye kitaalamu Danaus chrysippus. Mkazi wa Dar es Salaam amemwona mara nyingi hata kama hakumtilia maanani: rangi ya machungwa yaliyoiva, mabawa yamepakwa weusi pembeni, na ncha za mabawa ya mbele zina madoa meupe, ingawa huku kwetu Afrika Mashariki wapo wengi wasio na weusi huo wa ncha. Huruka polepole, karibu kwa dharau. Jike hutaga yai mojamoja, aghalabu upande wa chini wa jani. Kiwavi anayeanguliwa ana mistari myeusi, myeupe na ya njano, pamoja na jozi tatu za pembe nyeusi laini mgongoni. Huyu kiwavi hali mchicha, hali matembele, wala hana habari na mwembe wa mtu. Hula mpamba mwitu na jamaa zake wenye utomvu, basi. Ukiukata mmea huo umemnyima chakula pekee anachokijua. Akishiba hujining'iniza kichwa chini, akajigeuza kuwa kifuko kidogo cha kijani chenye vitone vinavyong'aa kama dhahabu. Katika joto la huku kwetu, safari yote kutoka yai hadi kipepeo huchukua majuma machache tu.

Ile dharau ya kuruka polepole ina sababu. Utomvu wa mimea hii una kemikali zinazovuruga mapigo ya moyo. Kiwavi huzila, huzihifadhi mwilini, na kipepeo huzirithi. Ndege anayemla hutapika, na hujifunza kuiogopa rangi ile. Hapo ndipo huingia mjanja mwingine, Hypolimnas misippus, ambaye jike lake hufanana na Danaus kiasi cha kumdanganya hata mtazamaji makini, ilhali halina kinga hiyo ya utomvu. Dume lake wala halifanani: ni jeusi lenye madoa makubwa meupe. Kuvaa sare ya wenye nguvu ili usiguswe si uvumbuzi wa wanasiasa wetu.

Kiumbe huyu ana historia ndefu kuliko dola zetu zote. Amechorwa katika kaburi la Nebamun, huko Misri, yapata mwaka 1350 kabla ya Kristo, akiruka juu ya mafunjo wakati mwenye kaburi anawinda ndege. Michoro hiyo sasa imo katika British Museum, London. Nebamun, kwa taarifa ya wasomaji wangu walio serikalini, alikuwa mtumishi wa umma wa aina fulani: karani wa kuhesabu nafaka za hekalu. Na katika miaka ya 1970 mtaalamu wa Kiingereza, David Smith, aliwachunguza vipepeo hawahawa hapahapa Dar es Salaam, akaandika juu ya rangi zao zinavyorithiwa na juu ya majike ambao watoto wao wote huwa majike. Makala hizo zinasomwa hadi leo na wanaosomea jenetiki. Uwanja wetu wa nyuma ya nyumba umo katika majarida ya dunia. Sisi tunauita pori.

Nalitumia neno pori kwa sababu ndilo lililoandikwa katika karatasi niliyopewa baada ya mvua za masika. Ilikuwa ilani fupi, yenye mhuri: nifyeke pori lililopo katika makazi yangu ndani ya siku 7, ama nilipe faini ya shilingi 50,000. Sitaitaja ofisi iliyoitoa, kwa kuwa nisemalo halihusu ofisi moja.

Wakati ule ule, kwa mwendo wa gari usio mrefu kutoka kwangu, lipo Pori la Akiba Pande, lililopandishwa hadhi hiyo mwaka 1990. Huko pori ni neno la heshima. Lina mipaka, lina askari, na kufyeka ndani yake ni kosa. Mapori ya akiba na mapori tengefu ni istilahi za sheria zetu, na kwa ajili yake wapo wananchi waliohamishwa na mifugo iliyokamatwa. Neno hilo hilo likivuka barabara na kuingia mtaani, linageuka kuwa shtaka. Dola yenyewe haiujui ubishi huu wa lugha. Hulinda pori pale inapolimiliki na kuliadhibu pale raia anapolimiliki.

Chanzo cha ilani zile tunakifahamu. Tarehe 9 Desemba 2015, Rais Magufuli aliigeuza sikukuu ya Uhuru kuwa siku ya usafi, na baada ya hapo Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa siku ya usafi nchi nzima. Sikulibeza jambo hilo wakati ule na silibezi leo. Mji huu ulikuwa umezama katika taka, na kipindupindu kilikuwa kinaua watu. Ila amri ya usafi iliposhuka kutoka taifa hadi mkoa, kutoka mkoa hadi wilaya, kutoka wilaya hadi mtaa, ilipoteza maana njiani ikabaki na umbo. Katika uwanja mtupu uliofagiwa hadi mchanga ukaonyesha michirizi ya ufagio, kiongozi akipita na gari huona usafi. Haoni maji yaliyotuama ndani ya tairi nyuma ya nyumba. Mwaka 2014, na tena mwaka 2019, jiji hili lilipokumbwa na homa ya dengi, mbu wake walikuwa wakizaliana katika matairi hayo, katika makopo, ndoo na vifuu vya nazi. Hawakuzaliwa kwenye majani ya mpamba mwitu.

Nasi tumeshaona neno hili likivuka mipaka ya majani. Mwaka 2021 wamachinga walipoondolewa kando ya barabara za jiji, lugha iliyotumika ilikuwa ya kusafisha na kupanga mji. Sisemi kwamba barabara haikuhitaji nafasi. Nasema mtu aliyezoea kuita usafi kila kitendo cha kuondoa hatajiuliza kilichoondolewa kilikuwa kinamlisha nani.

Kuna msomaji atakayeuliza: je, kipepeo huyu yu hatarini kutoweka? Hayumo hatarini. Ameenea Afrika nzima, Asia, hadi Australia. Ndiyo maana nataka tumwangalie binamu yake wa Marekani, Danaus plexippus, kipepeo mfalme, ambaye naye hadi juzi alikuwa wa kawaida kiasi kwamba hakuna aliyemjali. Mfalme huyu husafiri maelfu ya kilomita kila mwaka, kutoka Kanada na kaskazini mwa Marekani hadi misitu ya milimani katikati ya Meksiko, ambako hukusanyika kwa mamilioni kwenye miti. Mahali hapo wanasayansi walipafahamu mwaka 1975, baada ya mzee mmoja wa Kanada, Fred Urquhart, kutumia miongo kadhaa akiwabandika vipepeo vibandiko vidogo mabawani ili ajue waendako. Wanavijiji wa Michoacán, bila shaka, walikuwa wakiwaona miaka yote na kuwahusisha na roho za wafu wao zinazorejea kila Novemba. Hili la kugunduliwa kwa kile ambacho wenyeji wanakijua, sisi tunaoishi chini ya Kilimanjaro hatuhitaji kuelezwa.

Kwa kuwa hawahesabiki mmoja mmoja, vipepeo hao hupimwa kwa eneo la msitu wanalolifunika. Majira ya baridi ya 1996 na 1997 walifunika takriban hekta 18. Majira ya 2013 na 2014 walifunika hekta 0.67. Hata uwanja wa mpira una ukubwa unaokaribia huo. Ukataji wa misitu kule Meksiko ulichangia, hali ya hewa nayo ikachangia. Lakini sababu moja kubwa ilikuwa mashambani Marekani, ambako mahindi na soya vilivyobadilishwa vinasaba ili vistahimili kiuagugu viliruhusu wakulima kunyunyizia shamba zima. Jamii ya mimea yenye utomvu ambayo ilikuwa ikijipenyeza kati ya mistari ya mahindi tangu enzi, ikafa. Hakuna aliyemkusudia kipepeo mabaya. Ilikuwa shughuli ya kuondoa magugu tu, na ilifanikiwa.

Mmea huo huo wa Marekani ulipata kuheshimiwa mara moja. Katika Vita Kuu ya Pili, Wajapani walipokiteka kisiwa cha Java na kuikata sufi iliyokuwa ikijazwa katika maboya ya wanamaji, serikali ya Marekani iliwatuma watoto wa shule mashambani kukusanya matunda ya gugu lile, kwa kuwa nyuzi zake huelea majini kama sufi. Sisi watu wa pwani tuliolalia mito ya sufi tunaelewa vyema thamani ya nyuzi hizo. Vita vilipokwisha, gugu likarudi kuwa gugu. Leo hii Wamarekani haohao wanalinunua kwa fedha, wanalipanda bustanini, mashuleni na kando ya barabara kuu ili kumrudisha mfalme. Nako Australia, Calotropis procera, mwenyeji wa bara letu, ameorodheshwa miongoni mwa magugu. Mmea haukubadilika popote pale.

Simwalika msomaji kuiga bustani za Marekani. Wao wenyewe wanabishana: ule mmea wa maua mekundu na njano, Asclepias curassavica, uliouzwa sana kwa wapenda vipepeo, umeonekana kuwaletea vimelea pale unapostawi mwaka mzima mahali ambapo mimea ya asili ingekauka. Na mfano bora wa kufuga vipepeo tunao nyumbani. Katika Milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, wanavijiji wa Amani walianza mwaka 2003 kupanda karibu na nyumba zao mimea ya msituni, kukusanya viwavi na kuuza mabuu waliojifunga kwa maonesho ya Ulaya na Marekani. Kenya walikuwa wamewatangulia mwaka 1993, kwa mradi wa Kipepeo katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Wakulima wa Amani, wengi wao wanawake, waliweza kukueleza kwamba kipepeo huyu anataka mti huu, yule anataka ule, kwa uhakika ambao mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu angeuonea wivu. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha nje wanyamapori hai. Azma ilikuwa kuzuia twiga na tumbili kupakiwa ndegeni, na azma hiyo naiunga mkono. Ila katika sheria kipepeo ni mnyamapori, na hakuna aliyeketi kutofautisha twiga aliyeibwa mbugani na buu aliyelelewa na mama mmoja nyuma ya jiko lake. Riziki ya mamia ya kaya ikakatika kwa waraka mmoja.

Ndiyo maana naona undugu kati ya waraka ule na ilani yangu. Siku ya saba alikuja bwana afya, kijana mpole, akifuatana na mjumbe wetu.

"Shikamoo, Dokta," akaanza.

"Marahaba, baba. Karibuni."

Nilimwonyesha viwavi, na kwa dakika kumi alisahau kilichomleta. Aliinama, akahesabu pembe, akampiga picha mmoja kwa simu yake ili akamwonyeshe mwanawe. Kisha akafungua faili. "Dokta, mimi nakuelewa kabisa," akasema. "Tatizo ni fomu. Hapa pameandikwa: pori lipo, au pori halipo. Natakiwa kuweka alama ya vema sehemu moja."

Nimehudhuria semina nyingi za utawala bora, na sijasikia maelezo yaliyo sahihi kuliko hayo juu ya namna nchi yetu inavyoendeshwa. Ujinga wa mtu haukuwapo pale, wala ubaya wa moyo. Palikuwa na karatasi yenye visanduku viwili na uhai usioingia katika kimojawapo.

Ufumbuzi ulitoka kwa mke wangu. "Baba watoto, zungushia mawe, upige na chokaa," alisema, "halafu weka kibao." Nikafanya hivyo. Mawe yaliyopakwa chokaa, kibao chenye jina la Kilatini. Bwana afya aliporudi aliweka alama kwenye "pori halipo", akaandika pembeni kwa kalamu: bustani. Mimea ilikuwa ileile, haikupunguzwa hata tawi.

Nyumba ya pili kutoka kwangu anaishi bibi mmoja mjane, mzaliwa wa Rufiji, anayejipatia riziki kwa kuuza vitumbua. Nyuma ya choo chake kulikuwa na vichaka vitatu vya mpamba mwitu, vikubwa kuliko vyangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba wazee wa kwao huyapasha majani yake motoni na kuyafunga kwenye magoti yenye maumivu, na yeye ndiye aliyewaonya wajukuu wasiuguse utomvu kisha wakafikicha macho, onyo ambalo kila mwenye mmea huu analihitaji, kwani utomvu ule huumiza vibaya jicho. Naye alipewa ilani. Hana chokaa, hana kibao, wala hakuna anayemwita Dokta. Alipoeleza kwamba ile ni dawa yake, aliambiwa asilete mambo ya kienyeji. Akalipa shilingi 50,000, na vichaka vikafyekwa hadi shina, kisha vikanyunyiziwa kiuagugu. Jioni ile nilikwenda kumpa pole. Viwavi walikuwa wakitambaa juu ya mchanga uliofagiwa, wakielekea pasipo na kitu.

"Mwanangu," aliniuliza, "hivi yako na yangu zina tofauti gani?"

Nilimjibu kwamba tofauti ni mawe na chokaa. Alicheka kidogo. Kisha akaniuliza kama chokaa ni bei gani.

Najua hoja za upande wa pili, na si za kupuuzwa. Nyoka huingia mtaani, na mama mwenye watoto wadogo ana haki ya kutaka kuona kilichopo miguuni pao. Vibaka nao hujificha kwenye vichaka vya viwanja vilivyotelekezwa, na wasichana wanaorudi jioni kutoka kituo cha daladala wanalijua hilo kuliko mhadhiri. Wako pia kando yetu, Mabwepande, watu waliohamishiwa huko kutoka mabondeni baada ya mafuriko ya Desemba 2011, na kwao kufyeka kulikuwa hatua ya kwanza ya kuwa na nyumba. Siwezi kusimama mbele ya watu hao na kulisifia pori. Ninachotaka ni kitu kidogo mno: kwamba anayekuja na fomu alazimike kuuliza mmea huo ni upi, uko umbali gani na mlango, na mwenye nyumba anautumia kwa nini, kabla ya kuandika faini. Ibara ya 27 ya Katiba yetu inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili ya Jamhuri. Haisemi kwamba wajibu huo unaanzia kwenye lango la hifadhi.

Tumeandika barua, bibi na mimi, kwenda kwenye mkutano wa mtaa. Yeye ndiye mwombaji wa kwanza, kwa kuwa ndiye aliyetozwa, na jina langu linafuata bila cheo. Tumeomba mambo mawili: arudishiwe fedha yake, na fomu iongezwe kisanduku cha tatu. Barua imegongwa mhuri wa kupokelewa. Tumewekwa ajenda ya sita, baada ya ulinzi shirikishi na ada ya taka. Katika mashina yale yaliyonyunyiziwa dawa, moja limechipua upya, nalo limeshatagwa mayai. Bibi ameliegeshea ndoo iliyotoboka ubavuni ili lisionekane kutoka barabarani, na ameniambia siku ya mkutano atakuja na jani mkononi.